MAMA ANA SHAMBA, LAKINI MMILIKI NI NANI?

Nina dukuduku langu kuhusu neno moja la Kiswahili ambalo limeniletea matatizo nyumbani kwangu. Neno lenyewe ni "mmiliki". Wasomaji wengine watasema mwalimu mstaafu amekosa kazi, anagombana na maneno. Nawaomba wasome mpaka mwisho.

Mimi ni mkazi wa huku Bondeni, wilayani Kyela, na nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30. Familia yetu ina shamba la mpunga la ekari mbili na nusu, na karibu na nyumba tuna migomba na mikakao. Baba alifariki mwaka 1994. Tangu hapo, na hata kabla ya hapo, mwenye kulilima shamba hilo ni Mama. Aliolewa hapa mwaka 1961 na tangu mwaka huo hajawahi kukosa msimu hata mmoja, ila ule aliougua nimonia. Mimi nilikuwa nikihamishwa kutoka shule moja hadi nyingine, nikija wakati wa likizo kula wali na kubeba gunia moja la kupeleka kazini. Dada yangu, ambaye ndoa yake ilivunjika, ndiye anayepogoa mikakao, anayevuna na kuanika.

Mwaka jana walikuja watu wa kupima mashamba kijijini kwetu ili wananchi tupewe hati za hakimiliki za kimila. Sisi tulifurahi. Wakapima vizuri, wakaweka alama za mipaka mbele ya majirani, hapakuwa na ugomvi. Siku ya kujaza fomu, kijana aliyekuwa akiandika akamwuliza Mama, "Bibi, shamba hili ni la nani?" Mama akajibu, "Ni letu." Kijana akasema, "Najua, lakini mmiliki hasa ni nani?" Mama akasema, "Mimi nina shamba hili tangu kabla mama yako hajazaliwa." Watu wakacheka. Kijana akanigeukia, "Mwalimu, weka jina lako hapa, usitucheleweshe." Nami, Ndugu Mhariri, nikaweka jina langu, nikatia sahihi.

Usiku ule tulipomaliza kula Mama akaniuliza, "Kwa hiyo sasa mimi ninakaa kwako?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ni karatasi tu. Lakini mtu aliyefundisha miaka yote hiyo anajua kwamba hakuna kitu kinachoitwa karatasi tu. Tangu siku ile nimekuwa nikilichunguza neno hili, na ninachoandika hapa ndicho nilichokiona.

Kwanza, lugha yetu haina tendo moja la kusema mtu anacho kitu. Waingereza wanalo, sisi hatuna. Sisi tunasema "kuwa na". Nina shamba, maana yake niko pamoja na shamba. Nina njaa, nina watoto watano, nina safari kesho, nina homa. Hakuna anayefikiri kwamba mwenye homa anaimiliki homa yake. Mama aliposema "nina shamba hili" alisema kweli tupu: yeye na shamba hilo wamekuwa pamoja kwa zaidi ya miaka 60. Lakini fomu haikuuliza nani yuko na shamba.

Pili, tuna neno "mwenye". Huyu mwenye naye ana sura nyingi. Mwenye nyumba anaweza kukufukuza usipolipa kodi. Mwenyeji hana nguvu hiyo, kazi yake ni kukupokea. Na mwenyekiti wa kijiji hakukinunua kiti. Muda wake ukiisha anakiacha, akikataa tunamwondoa kwa kura. Kumbe mtu anaweza kuwa "mwenye" kitu kwa zamu, kwa niaba ya wenzake. Hata sisi wote tunaitwa wananchi, na viongozi wanapotaka kutusifu hutuita wenye nchi, lakini hakuna mwananchi aliyewahi kuuza nchi.

Kuhusu -angu, -ako na -ake, nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba hivyo ni vivumishi vya kumiliki. Sasa naona aibu kidogo. Mtoto akisema "mwalimu wangu" anammiliki mwalimu? Akisema "shule yetu" je? Na mwanamume anayesema "mke wangu" kwa sauti ya mtu aliyenunua baiskeli, huyo amedanganywa na kitabu cha sarufi.

Basi tuje kwa "miliki" lenyewe. Hili lilitoka katika Kiarabu, na ndugu zake tunawajua: malkia, mamlaka, milki. Tunaposema Milki ya Uturuki tunasema dola. Katika Kiswahili cha zamani kumiliki ni kutawala hasa. Kwa hiyo anayeandikwa mmiliki ameandikwa kama mtawala mdogo, na wote walio ndani ya mpaka wake, hata aliyemzaa, wanakuwa raia zake. Nadhani Mama, ambaye alisoma mpaka darasa la tatu tu, aliisikia maana hiyo ya zamani kuliko mimi.

Jambo la ajabu ni kwamba sheria yenyewe haikusema hivyo. Mkoloni Mwingereza alipotunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 aliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa chini ya Gavana, na alichompa mtu ni haki ya kukaa juu yake na kuitumia. Mwaka 1928 sheria ikarekebishwa ili hata sisi tuliokuwa tukikaa kwa mila zetu tuhesabiwe kuwa na haki hiyo. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, Serikali yetu ikafuta umiliki wa moja kwa moja, ule wa mtu kudai udongo ni wake milele. Na Sheria za Ardhi za mwaka 1999, yaani Namba 4 na Namba 5 ile ya vijiji, zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Kiingereza cha sheria hizo kinazungumza juu ya haki ya ukaaji. Sisi katika Kiswahili tumeiita hakimiliki. Neno la ukaaji limegeuka neno la utawala, na nadhani waliofasiri hawakuwa na nia mbaya. Labda walitaka mkulima ajisikie mkubwa.

Naomba nichomekee hapa kwamba neno hilo hilo "hakimiliki" liko pia kwenye ukurasa wa mwanzo wa vitabu. Tuna hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inahusu waandishi na wanamuziki. Mjukuu wangu alipoiona hati ya jirani aliniuliza kama shamba nalo limeandikwa na mtu. Nilimwambia ndiyo, limeandikwa kwa jembe, na mwandishi wake yuko jikoni.

Wengine wataniambia, Mwalimu, mila zetu za Kinyakyusa zinajulikana, ardhi ni ya mwanamume. Mila gani hizo? Watafiti Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa kwetu katika miaka ya 1930, na Bibi Monica aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1951 kuhusu vijiji vyetu vya marika. Wazee wetu wanalijua jambo hilo bila kitabu. Vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, na ilipofika sherehe ya ubusoka wazee walikabidhi uongozi kwa watoto wao na ardhi ikagawanywa upya. Mtu alipata shamba kwa kuwa mwanakijiji mwenzao, akaishi na wenzake, akala nao. Akihama, shamba hakuondoka nalo. Sisemi mila hizo ziliwapa wanawake haki, hazikuwapa. Nasema tu kwamba huyo "mmiliki" mmoja anayesimama peke yake na karatasi mkononi hakutoka kwa Wanyakyusa. Alikuja pamoja na ardhi kuwa haba na mazao ya kuuza.

Na huku kwetu ardhi ni haba kweli. Mchele wa Kyela unatafutwa Dar es Salaam mpaka watu wanauza mchele wa kwingine kwa jina letu. Kakao nayo, sehemu kubwa ya ile inayotoka Tanzania inatoka katika wilaya hii. Mkakao si mpunga. Ukishaupanda unakaa miaka mingi, kwa hiyo aliyepanda anaanza kusema mti ni wangu, na kutoka mti ni wangu hadi udongo ni wangu ni hatua moja.

Tena sisi watu wa Bondeni ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kulewa neno hili. Mto Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi, una tabia ya kuhama. Mvua kubwa zikija unakata kona, unaacha njia ya zamani na kuchimba mpya. Mtu analala na shamba lake upande wa Tanzania, anaamka mto uko nyuma ya nyumba. Sasa anamiliki nini? Anazo alama za mipaka, anao majirani wa kushuhudia, lakini kwenda kulima ni kuvuka mto. Ndiyo maana nchi zetu mbili zimekuwa na mpango wa pamoja wa kuutuliza mto huo, na mwaka 2017 zilikubaliana kuunda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe. Na ziwa je? Wajerumani na Waingereza waliandikiana mkataba tarehe 1 Julai 1890 wakaweka mpaka ufukweni. Malawi inasimama juu ya karatasi hiyo. Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji, kwani watu wa Kyela, Ludewa na Nyasa wamevua na kuoga na kuchota maji humo tangu zamani, hakuna aliyekuwa akiomba ruhusa ya kuchota. Mabishano yalipopamba moto tena mwaka 2012 sikumsikia mtu hata mmoja hapa akisema kwamba kwa kuwa jina letu halikuandikwa mwaka 1890 basi sisi tunakaa kwa watu. Wote tulisema matumizi nayo ni haki. Wanaume walisema hivyo kwa sauti kubwa pale kijiweni, kisha wakarudi nyumbani kwa wake zao ambao wanatumia mashamba bila jina.

Mahakama nayo ina neno lake, "kupatikana na". Fulani alipatikana na gongo, alipatikana na pembe. Hapo hakuna anayeuliza mmiliki. Kijana wa bodaboda akibebeshwa mfuko kutoka Kasumulu na ndani mna bidhaa haramu, swali ni kama alikuwa nao mkononi na kama alijua kilichomo. Kwa hiyo sheria inajua vizuri sana kumtambua mtu aliye na kitu mkononi inapotaka kumfunga. Kwa nini isimtambue vilevile inapotaka kumpa?

(Waingereza, nimewahi kusoma, hutumia neno moja kwa mali na kwa pepo. Sisi tumetenganisha: pepo hammiliki mtu, humpagaa. Lakini nimeona watu wakipata hati ya shamba wakawa kama waliopagawa, hata salamu hawaitiki.)

Nirudi kwenye jambo lenyewe, kwa sababu hapa pana hatari ambayo wananchi wengi hawaioni. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 12 ya kudai ardhi. Mtu akikalia ardhi waziwazi kwa muda huo bila kudaiwa, anakuwa na pa kusimamia. Lakini mahakama zetu zimekwisha kusema kwamba aliyekaribishwa hawezi kumtoa aliyemkaribisha, hata akikaa miaka mingi namna gani. Sasa fikiri. Kabla ya fomu ile Mama alikuwa mtu aliyelilima shamba hili kwa zaidi ya miaka 60. Baada ya jina langu kuandikwa peke yake, mtu anaweza kusimama mbele ya baraza akasema miaka yote hiyo alikuwa hapo kwa ruhusa, kwanza ya mumewe, kisha ya mwanawe. Kwa mstari mmoja wa wino, jasho limegeuzwa ruhusa.

Mimi sitasema hivyo. Lakini mimi nina umri wa miaka 62 na sukari inanisumbua. Nikifa kabla ya Mama, wanangu watarithi. Mmoja wao yuko mjini na amekwisha kuniuliza mara mbili kama hati hiyo inapokelewa benki kwa mkopo. Inapokelewa. Ndilo jambo tulilosifiwa kwenye mkutano. Mkopo usipolipwa, watakuja kuchukua shamba la mmiliki, na shangazi yake pamoja na bibi yake hawatakuwamo katika hesabu.

Wala nisisingizie kwamba sheria imewasahau kina mama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke ya kupata, kuwa nayo, kutumia na kugawa ardhi ni sawasawa na ya mwanamume. Inasema pia kwamba anayeweza kuomba hakimiliki ya kimila ni mtu mmoja, au familia, au kikundi. Familia! Imeandikwa. Nyuma zaidi, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi. Hawa Mohamed ilitamka kwamba kazi ya nyumbani ya mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya kule Mwanza alikataa mila iliyomzuia Bi. Holaria Pastory kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikasema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, hata kama hakuna hati.

Lakini upande wa pili bado tunayo ile Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, ambayo inamwambia mjane aliyeachiwa watoto kwamba fungu lake ni kutunzwa nao kama alivyowatunza wao. Wajane wawili waliipinga mahakamani, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliambia nchi yetu kwamba amri hiyo inabagua. Yule kijana mwandishi wa fomu pengine hajawahi kuisoma amri hiyo, ila anaitekeleza kila siku. Ameipata hewani.

Watu hawaongozwi na vifungu, wanaongozwa na maneno. Kijana yule aliuliza "mmiliki" katika umoja. Fomu ilikuwa na nafasi ya kutosha majina matatu, nimeiona kwa macho yangu, lakini swali lilikuwa la mtu mmoja na jibu likawa la mtu mmoja. Angeuliza "wenye shamba hili ni akina nani?", Mama angetaja majina, na mimi labda ningekuwa wa tatu.

Tangu mwaka 2021 Bunge limekwisha kupitisha kwamba lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Tumeshangilia wote, mimi nikiwa wa kwanza. Basi nawaomba wanaofasiri sheria, pamoja na wataalamu wa BAKITA, wasilitupe neno "miliki" kila mahali kama chumvi. Aliye na kitu mkononi aitwe kwa jina lake, anayekikalia aitwe kwa jina lake, mwenye haki ya kukiuza aitwe kwa jina lake. Maneno tunayo: kushika, kukalia, kutumia, kuhodhi, kudhamini. Kama wanaona hayana uzito wa mahakama, uzito huja kwa kutumika.

Na kwa wale wanaopita vijijini kuandikisha, ombi langu ni dogo zaidi. Kabla ya kuandika jina waulize nani alilima msimu uliopita, na nani atalala njaa shamba hili likiuzwa. Wayaandike majina hayo yote.

Kwa upande wangu nimekwenda ofisi inayohusika kuomba fomu ile irekebishwe ili iwe ya familia, jina la Mama likitangulia, kisha la dada yangu, kisha langu. Nimeambiwa nisubiri, kwani hati yetu bado haijachapwa. Mara ya pili nimeambiwa niandike barua nikieleza sababu. Sababu nimezieleza hapa, na nakala ya gazeti nitaiambatanisha. Kama kuna msomaji wa wilaya nyingine ambaye amefanikiwa kubadilisha jina baada ya upimaji, naomba anijibu kupitia ukurasa huu jinsi alivyofanya na ilimchukua muda gani, maana Mama ananiuliza kila ninaporudi kutoka mjini.

Mwalimu Mstaafu,
Bondeni, Kyela.